Sikoseli, miaka 48 na maumivu ya nyonga

Dada, umeuliza kama nyonga inayokuuma ukipanda ngazi ni uzee tu, kwa kuwa una miaka 48 na hedhi imeanza kuruka miezi. Mimi nisingeuita uzee. Kwa sisi wenye sikoseli, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, damu isipofika vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hufa polepole, na hilo huwapata hata vijana. Omba eksirei ya nyonga. Ikitoka safi na maumivu yakabaki, uliza kuhusu MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, maana eksirei huchelewa kuonyesha. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ya kila siku achana nayo, figo zetu haziiwezi. Mkojo upimwe protini, kuona hali ya figo.

Huyo rafiki aliyekushauri vidonge vya homoni kwa ajili ya joto la mwili, mshukuru tu kwanza. Estrojeni ya kumeza huongeza hatari ya damu kuganda, nasi hatari hiyo tunayo tayari. Daktari wa damu na wa wanawake wazungumze kabla hujaanza chochote. Macho nayo yapimwe retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, hata kama unasoma gazeti bila miwani. Na haidroksiurea, dawa yetu ya sikoseli, usiiache eti kwa kuwa hedhi inakoma.