Barua kwa Mwanangu: Shira Haimngoji Msemaji

Kwa mwanangu Rukia,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku Lamu hatujambo, kusi linavuma, na babako na magoti yake ni yale yale, ukimuuliza atakwambia hana neno.

Ujumbe wako wa sauti nimeurudia mara nyingi, maana ulikuwa unasema huku unatafuna. Nilivyokuelewa, wauliza hivi: lile darasa la kupika udi unalotaka kulifanya kwa webina, utoze kiingilio cha shilingi 500, au uliache bure kisha uuze udi mwishoni? Na huyo mwalimu wako wa biashara anasema liwe bure, liwe la saa moja, bei itoke dakika za mwisho, na katika kufunza uwaambie watu nini hufanywa ila usiwaambie hufanywaje, ili wabaki na hamu.

Nitakujibu. Lakini niambie kwanza: siku hiyo, mwiko utakuwa mkononi mwa nani?

Usicheke. Mwaka 2021, watu bado wana barakoa, walikuja wale waliosema wanawaingiza kina mama wa Lamu mtandaoni. Sitawataja, wewe wawajua. Kila mmoja wetu aonyeshe kazi yake laivu: huyu kofia, yule achari, mimi udi. Wakaja nyumbani na taa ya duara, wakaisimamisha simu kwenye miguu mitatu pale uani, na wakaja na kijana msemaji, shati limepigwa pasi mpaka lakata. Akaniambia, "Mama, wewe pika tu. Maneno niachie mimi."

Wewe umelelewa katika moshi ule, sina haja ya kukueleza. Sukari na maji na marashi ya waridi vikichemka, unangoja shira hiyo ivute uzi. Ikivuta uzi hapo hapo moto unapunguzwa, udi uliopondwa unaingia na sandali, na mkono hautoki kwenye mwiko. Basi nilikuwa nimefika hapo hapo. Bakuli la udi liko mkono wa kushoto. Yule kijana akanyoosha mkono juu ya sufuria ya bibi yako akasema, "Mama, simama hapo kwanza!" Kisha akaigeukia simu. "Watazamaji wapenzi, mama sasa anafika kwenye siri yenyewe! Anayeitaka siri hii..." Akaanza kusoma namba ya kulipia. Akaisoma kwa Kiswahili, akaisoma kwa Kiingereza. Akataja punguzo, akataja punguzo la watakaolipa kabla ya Magharibi.

Mimi nimesimama na bakuli langu. Naitazama shira inakuwa rangi ya asali, kisha rangi ya kahawa. Nikasema kwa adabu, "Mwanangu, inaungua." Akaiambia simu, "Mmemsikia mama? Anasema muda unakwisha!"

Moshi ukapanda, na si moshi wa udi, ule wa sukari unaokaba koo. Mtu akaandika kuuliza kama nyumba inaungua. Shangazi yako, aliyekuwa anatazama kutoka Muscat, akaandika "Ipueni sufuria!" mara kadhaa, kwa herufi kubwa, lakini maandishi yale yanapita mbio na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuyasoma. Alhamdulillahi udi wenyewe ulikuwa bado bakulini, ule aliouleta babako Dubai. Ungeingia mle ningelia mbele ya watu.

Sukari ni ya duka, haikuniuma. Kilichoniuma ni kuwa ile rekodi ilibaki. Watu wasionijua wakaona mwanamke wa Lamu asiyejua shira. Na wanaonijua ndio wabaya zaidi: harusi ngapi nimeingia nikaulizwa, "Bi mkubwa, muda umekwisha?" Mpaka leo mke wa kakako akinikuta jikoni hulisema, akidhani nimesahau kucheka. Mimi nacheka. Lakini shira haimngoji msemaji, Rukia, na hilo nitalisema mpaka nizikwe.

Ndiyo maana nauliza mwiko. Wewe umepanga uwe mpishi, msemaji na mpokea pesa, mtu mmoja mikono miwili. Mtafute mtu wa pili. Akae na simu nyingine, asome maswali, akuchagulie, akuulize kwa sauti wakati mkono wako umetulia. Na awe anaijua kazi, kwa sababu picha huwafikia watu imechelewa kidogo: mtu akiandika "hapo umetia nini?" wewe umeshatia kingine, na ukimjibu la sasa umempoteza. Hata msomaji wa maswali lazima ajue udi hupikwaje.

Halafu amua kama ni webina au ni laivu, maana katika ujumbe wako umezichanganya. Laivu ni baraza ya njiani: mpita njia husimama, akasalimu, akauliza bei, akaenda zake, na aliyekuja mwisho hakusikia la mwanzo. Humo wauza kwa kurudia rudia, na udi haupikiki kwa kurudia rudia. Webina watu hujiandikisha mapema kwa jina na namba, huingia kwa wakati mmoja, sauti zao zimefungwa, maswali wanayaandika pembeni. Hao wamekuja kujifunza na watakaa. Lakini kijana wa jirani ameniambia ile Zoom ya bure hukata dakika 40 na haipokei zaidi ya watu 100. Dakika 40 udi wetu hata haujamwagwa kwenye sinia ukapoa. Basi ama ulipie, ama uwe na sinia lililopoa tangu jana, ulivunje mbele yao huku la leo liko motoni. Hilo la sinia la jana si udanganyifu, nimelifikiria. Maadamu utawaambia ni la jana.

Na kamera ielekee sufuria. Uso wako nimeuzaa mimi na naupenda, lakini waliokuja wanataka kuiona shira inavyovuta uzi.

Sasa nifike kwa huyo mwalimu wako na "nini, si vipi". Kuna jambo hakuligusa kwa sababu yeye labda huuza vitu vya kuonekana. Simu haina pua. Uliniambia wewe mwenyewe habari za yule Mchina, Li Jiaqi, anayeuza rangi za midomo kwenye Taobao Live, ile ya Wachina ya kuuzia kwa laivu iliyoanza 2016, na kwamba alipata jina kwa kuzipaka midomoni mwake mwenyewe. Sawa. Rangi inaonekana. Wewe utapaka nini? Utafukiza chetezo, watu wataona moshi. Moshi wa udi na moshi wa kuni kwenye simu ni moshi.

Wanachoweza kukipata kwenye kioo kile ni ujuzi wako, basi. Waambie kuwa udi hutoka ndani ya mti wa akwilaria, wa huko Asia, na kwamba mti mzima usio na maradhi hauna harufu ya maana. Ni mpaka ujeruhiwe, kuvu iuingie, ndipo utoe ule utomvu mweusi wa kujikinga, na huo ndio tunaoufukiza. Ndiyo sababu ya bei. Waambie vipande vingi vinavyouzwa ni mbao tu zilizorowekwa manukato. Waonyeshe makaa yanavyoachwa mpaka yavae jivu, kisha waambie: cha uongo hukimbilia kutoa manukato yake yote mara moja, halafu kinanuka kuni. Wa kweli hauna haraka, hubadilika kadiri unavyokaa motoni. Mtu akishajua hayo ataenda kukijaribu alicho nacho kabatini, na akikuta ni mbao, atakutafuta wewe. Ukimficha hayo ili abaki na hamu, atakuwa na hamu ya kitu gani? Hajanusa kitu.

Naona nimeandika kama mtu mwenye hakika, na bibi yako angekuwa hai angenikohoa. Kwa sababu yeye alificha. Wewe unakumbuka alivyokuwa akifika kwenye ambari: anatugeuzia mgongo, buibui linafunika sufuria, anatia kiasi chake, anageuka tena kama hakuna kilichotokea. Mimi mwanawe wa kumzaa sikuambiwa mpaka nilipoolewa, na shangazi zako hawakuambiwa kabisa. Na wewe je? Nilikwambia kipimo kile ulipojifungua Swafiya, si kabla. Basi nikisema kuficha ni vibaya, nakula chakula cha nani?

Nimelifikiria hili tangu Ijumaa. Labda tofauti ni kwamba bibi yako hakusimamisha kazi ili afiche. Aligeuka, akatia, sufuria ikaendelea, udi ukatoka mzuri na kila mtu mle ndani alijua pana kitu hajaambiwa. Hakutuambia "lipeni niwaonyeshe". Lakini pia alikuwa na kazi moja mjini na hakutaka washindani, tusimfanye walii. Kama angekuwa na simu angefanyaje, sijui, pengine angegeuza simu pia. Funza kila kitu, kipimo cha ambari kiache nyumbani na useme wazi kuwa umekiacha. Au kifunze. Ee Mola. Hapana, kiache.

La pesa za udi wenyewe halinisumbui, M-Pesa ipo tangu 2007 na hata wale wa ng'ambo wana jamaa huku wa kuwalipia. Zamani pesa za bibi yako zilikuja kwa bahasha, mkononi mwa dereva au nahodha, na zilifika. Kinachonisumbua ni wewe kuweka nyumba yako yote juu ya kiwanja cha watu. Facebook walikuwa na sehemu yao ya kuuzia bidhaa laivu, wakaifunga tarehe 1 Oktoba 2022. Instagram wakafunga ya kwao Machi 2023. Laivu zimebaki, lakini waliojenga biashara kwa ile sehemu waliamka asubuhi haipo. Hayo majina na namba za waliojiandikisha kwenye webina, yaandike kwenye daftari lako, la karatasi, na uwaombe ruhusa kuwa utawaandikia tena. Ruhusa si adabu tu, ni sheria ya Kenya ya 2019 ya kulinda data, usije ukaniletea mashitaka. Kabla ya Ramadhani na kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unawakumbusha, mara moja, si kila siku kama wale wa mikopo.

Na bei, tafadhali, itaje baada ya kuipua sufuria. Ikiwa imepoa, umekaa, umefuta mikono. Mwalimu wako ana saa yake na dakika zake za mwisho, lakini shira haimngoji msemaji, na saa ya darasa la udi ni sufuria. Anayetaka kununua hatakimbia kwa dakika kumi.

Najua hujaridhika. Uliuliza mia tano au bure. Nina jibu, na ulimi unaniwasha. Nikisema toza, utasema mama anapenda pesa, na wale wasichana wa Matondoni na Faza wasio na mia tano watabaki nje, hao ndio wangefaidika. Nikisema bure, najua watakaojaa ni wale wale wa kuja kutazama kama utaunguza. Babako anasema mia tano. Babako hajawahi kulipa mia tano kwa darasa lolote. Mimi nilikuwa nimeshaliandika jibu langu hapa, nikalikata kwa kalamu, kwa sababu kazi ni yako na jina litakaloandikwa juu ya darasa ni lako. Ukiushika ukurasa ukauelekeza dirishani utalisoma, maana wino ni mwepesi. Sikushauri.

Sandali na chupa mbili za marashi nimezituma Mokowe na kijana wa mashua, zitapanda basi la Alhamisi. Utamlipa utingo wewe, mimi sikumlipa.

Mamako,
Langoni, Lamu