Kwa wadogo zangu mnaoanza kuandika kuhusu haki za wanawake mtandaoni

Wadogo zangu, mnaingia mkiogopa matusi. Matusi yanauma, ila yanafanana. "Umeolewa wewe?" "Rudi jikoni." Baada ya muda utayajua kabla hayajaandikwa. Kinachommaliza mtu ni inboksi.

Ukishaandika habari moja ya kweli kuhusu kipigo, wanawake watakufuata faragha. Saa sita usiku mtu anakuandikia: mume amempiga, watoto wamelala, afanye nini? Hujui anaishi wapi, hela ya kumtumia huna, na asubuhi una kazi. Ukimpa pole tu, hulali. Ukitaka uwe wakili wake, daktari wake na dada yake kwa mpigo, haipiti miezi mingi utafunga akaunti. Basi andaa majibu kabla hujachapisha, yakae kwenye simu. Kwa Tanzania: Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, apate na PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali, namba 116 kama ni mtoto, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kwa msaada wa sheria. Kwa Kenya: 1195, simu ya bure ya ukatili wa kijinsia. Aliyebakwa awahi hospitali, kwa sababu dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72. Na tafadhali, nenda siku moja mwenyewe kwenye dawati la wilayani kwako, ujue mlango uko upande gani na anayepokea watu ni nani. Mwanamke mwenye hofu anaelekezeka vizuri na mtu aliyewahi kufika.

Kuhusu kuchoka: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi lolote la maana. Mimi naiogopa zaidi ile ya pili. Unasoma kwamba binti ameuawa, na unachowaza ni kichwa cha habari. Ukijiona umefika hapo, weka simu chini, mwachie mwenzako. Ndiyo maana nasisitiza muwe wawili au watatu, mpeane zamu. Alipouawa Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya, kule Iten, Oktoba 2021, na alipofariki Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, kwa majeraha ya moto, Septemba 2024, kila mwandishi wa mambo haya alitazamiwa aseme kitu saa ileile. Si lazima. Makala ya wiki mbili baadaye, iliyofuatilia kesi imefikia wapi, ina kazi kubwa zaidi.

Sauti yako hutaipata kwa kurukia kila tukio. Shika jambo moja, ulifuate mpaka kwenye karatasi. Chukua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, na mahakama ingeweza kuruhusu hata 14. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikipinga mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikampa haki na kuipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Soma kifungu, soma hukumu, kisha andika kama unamsimulia shangazi yako aliyeozwa akiwa na miaka 15. Ripoti za semina zina lugha yake, waachie wenyewe. Mtu akikwambia haya ni mambo ya Wazungu, mwonyeshe majaji walisema nini.

Vitisho ni habari nyingine, msivichanganye na matusi. Mtu akitaja mtaa wako, shule ya mwanao, au akisema ana picha zako, usimjibu. Piga picha ya skrini ionyeshe jina la akaunti, tarehe na saa, mtumie mtu unayemwamini, ndipo umzuie. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya kuna ya 2018, na zote zinagusa unyanyasaji wa mtandaoni. Ukienda kuripoti, nenda na mwenzako, na ushahidi uwe umeuchapa kwenye karatasi.