Jeshi la Marekani: kipimo kipya cha mwili, na kwa nini mbio peke yake hazitoshi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 20, nimekulia Morogoro, sasa naishi Texas na wazazi wangu na nina grini kadi. Nataka kujiunga na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Binamu yangu aliyetumikia miaka ya 2010 anasema kipimo ni pushapu, sitapu na kukimbia. Mtandaoni nakuta mazoezi sita, na sajenti anayeniandikisha anasema ni matano. Bado sijaamua kati ya udereva wa malori na uhandisi wa mapigano. Tangu shule nakimbia vizuri sana. Nijiandae na kipimo kipi, na je, mbio zitanibeba?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekudanganya. Kila mmoja amekueleza kipimo cha wakati wake.

Binamu yako alipimwa kwa APFT, kipimo kilichoanza mwaka 1980 na kudumu takriban miaka 40: pushapu dakika mbili, sitapu dakika mbili, kisha mbio za maili mbili. Kikafuata ACFT chenye mazoezi sita, ndicho ulichokisoma mtandaoni. Wazo lake la mwanzo lilikuwa kiwango kimoja kwa wote, mwanamume na mwanamke, kijana na mzee. Halikudumu. Zoezi la kuning'inia na kukunja magoti hadi kwenye viwiko liliwashinda wanawake wengi, likaondolewa na planki, yaani kuunyoosha mwili ukiegemea viwiko na vidole vya miguu, ikachukua nafasi yake. Mwaka 2022 alama zikagawanywa kwa jinsia na umri. Tangu tarehe 1 Juni 2025 kipimo kinaitwa AFT. Zoezi la kurusha mpira mzito nyuma juu ya kichwa limefutwa, yamebaki matano. Sajenti wako yuko sahihi.

Watu wengi wanazungumzia mpira uliofutwa. Wewe tazama jambo jingine: sasa kuna viwango viwili, na unachopimiwa kinategemea kazi utakayochagua. Kiwango cha jumla kinataka alama 60 katika kila zoezi, yaani 300 kati ya 500, na kinazingatia jinsia na umri. Kiwango cha mapigano kinahusu kazi 21, zikiwemo askari wa miguu, wa vifaru na hao wahandisi wa mapigano. Huko umri bado unazingatiwa, lakini jinsia haizingatiwi. Unahitaji 60 kila zoezi na jumla isiyopungua 350. Kimeanza kutumika kwa walio kazini muda wote tarehe 1 Januari 2026. Askari wa muda, yaani wa Akiba na wa Ulinzi wa Taifa, walipewa hadi 1 Juni 2026.

Kwa msichana wa umri wako tofauti ni kubwa. Ukiwa dereva wa malori, alama 60 za kunyanyua chuma kutoka chini mara tatu mfululizo zinapatikana kwa pauni 120, kama kilo 54. Ukiwa mhandisi wa mapigano ni pauni 150, kama kilo 68. Maili mbili, yaani kilomita 3.2, dereva ana dakika 22 na sekunde 55. Mhandisi ana 19 na sekunde 57. Planki ni ileile kwa wote wawili: dakika moja na nusu.

Sasa mbio zako. Tufanye umechukua uhandisi, ukapata 60 kamili katika mazoezi manne, kisha ukakimbia hadi ukapata zote 100. Jumla ni 340. Umefeli, na mbio zako ni za mtu bora kikosini. Hata kwenye kiwango cha jumla, 59 kwenye chuma haifidiwi na kitu chochote. Nimefundisha vijana wetu wengi wenye pumzi nzuri lakini hawajawahi kushika chuma, na wote walitaka kuongeza kile wanachokiweza tayari. Nakuomba usifanye hivyo.

Anza na chuma, mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana. Kipimo hutumia baa ya pembe sita ambayo unasimama katikati yake. Tafuta jimu iliyo nayo. Wiki za kwanza beba uzito mdogo, mgongo umenyooka, nguvu itoke kwenye mapaja. Usiongeze kilo hata moja kama mgongo unajikunja. Pushapu nazo si zile za binamu: unalala kifua chini, unanyoosha mikono pembeni, unairudisha ndipo unajisukuma. Kila moja inachukua muda, hivyo jizoeze kwa saa.

Zoezi linalowashangaza wengi ni lile la mita 250: unakimbia, unaburuta sleji (kigari kisicho na magurudumu) ya pauni 90, unakwenda kiubavu, unabeba vyuma viwili vya pauni 40, kisha unakimbia tena, mita 50 kila hatua. Usipokuwa na sleji, buruta tairi kwenye nyasi na ubebe madumu ya maji. Mbio huja mwisho kabisa, miguu ikiwa imeshachoka, kwa hiyo mara moja kwa wiki kimbia baada ya kunyanyua na kuburuta. Muda utakaoupata siku hiyo ndio muda wako wa kweli.

Kuhusu kazi, mimi sikukatazi uhandisi. Ila fahamu kwamba askari aliye kwenye kazi ya mapigano akifikia kiwango cha jumla tu, anaweza kutakiwa kuhamia kazi nyingine. Kabla hujatia saini, jipime mazoezi yote matano kwa siku moja, kwa jedwali la mapigano. Ukipata 370 au zaidi huku kila zoezi likivuka 65, mwambie sajenti unataka uhandisi. Ukiwa chini ya hapo, jipe miezi mitatu ya chuma ndipo ujipime tena.