Kwikishifta kwa barabara za Dar: utamu upo, ila si pale unapoutafuta

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuongeza pesa upate pikipiki yenye kwikishifta, kile kifaa cha kubadili gia bila kuvuta klachi, wakati maisha yako yote ni foleni za Dar. Mimi nina Yamaha MT-09 ya 2021, ilitoka nayo kiwandani, ya kupandisha na ya kushusha gia. Nitakujibu kwa yale ambayo mguu wangu wa kushoto umeyaona.

Foleni tuimalize haraka. Ubungo saa 12 jioni, unapenya kati ya daladala na bajaji, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena: haikusaidii chochote. Yangu haifanyi kazi chini ya kilomita 20 kwa saa, na hata ukizidi hapo kidogo huku injini inazunguka polepole, gia inaingia kwa mshtuko mpaka unajuta. Hapo navuta klachi kama watu wote. Kuondoka klachi, kusimama klachi. Anayekwambia utaisahau klachi, muulize anaishi mji gani.

Sasa njoo Jumapili alfajiri, Kimara kwenda Kibaha, njia nane na magari ya kuhesabu. Uko gia ya pili, mafuta umeyafungua, silinda tatu zinapandisha sauti. Unainua ncha ya kiatu. Basi. Mkono wa kulia haurudi nyuma, wa kushoto haugusi kitu. Unasikia tu "pap" moja kavu kwenye ekzosi, ya tatu imeshaingia na pikipiki inaendelea kuvuta.

Wengi wanadhani raha yake ni mwendo. Mwendo gani, na trafiki wale wenye tochi za kupima mwendo? Gia ya pili ya hii pikipiki inakuvusha 80 bila kujitahidi. Raha ni ule utulivu. Ukibadili kwa klachi, kila gia unakata mafuta, pua inazama, kichwa kinakwenda mbele, halafu unafungua tena na kila kitu kinarudi nyuma. Nimeendesha miaka bila kujua kwamba nilikuwa nanesanesa hivyo. Nilikuja kujua siku kulipokoma.

Kushusha ndiko kunakonikosha zaidi. Unakaribia mzunguko, mafuta umefunga kabisa, vidole viko kwenye breki, unakanyaga mara moja, mara mbili, na injini inajipiga resi yenyewe kila gia inaposhuka ili tairi la nyuma lisikwaruze. Mkono unabaki na kazi moja tu, ya breki.

Siri yake ni ndogo. Kwenye kile chuma kinachounganisha pedali na gia boksi kuna sensa. Ikihisi mguu unasukuma, kompyuta inakata nguvu ya injini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, meno yaliyokuwa yamebanana yanalegea, gia inayofuata inateleza ndani, nguvu inarudi. Ndiyo maana inataka mguu wenye uamuzi. Ukisukuma kwa woga, gia inakwama katikati na injini inanguruma bure. Na cheni isiwe imelegea, utaisikia inapiga.

Nami ilinitia hasara, ingawa kosa lilikuwa langu. Wiki za mwanzo nilikuwa naegemeza kiatu chini ya pedali. Pikipiki ikawa inakwikwi nikiwa nimefungua mafuta. Nikasema mafuta machafu haya. Fundi akafungua plagi, akasafisha kichujio cha hewa, akachukua chake. Kumbe sensa ilikuwa inauhisi mguu wangu na kudhani nataka gia.

Kama utaitumia kwenda kazini Posta na kurudi tu, hiyo pesa nunua helmeti nzuri na glavu. Kama una hata asubuhi moja kwa wiki ya kutoka nje ya mji, lipa.

Jirani yangu wa kijiweni, dereva wa boda, alinicheka nilipomweleza. "Kaka, si ndiyo tunavyofanya na Boxer kila siku?" Na kweli, hawa hawapandishi gia kwa klachi, wanalegeza mafuta kidogo, wanasukuma, imeingia. Nikamwambia tofauti ni kwamba huku hulegezi, kompyuta inakulegezea. Hakuelewa. Nikampa helmeti nikampakia, Tegeta mpaka Bunju, nikapanda gia zote nne za mwanzo mafuta yakiwa wazi.

Tuliposhuka sikuulizwa habari za injini wala bei. Alivua helmeti, akaigeuzageuza mkononi, akaniuliza: "Mbona haijakugonga kisogoni hata mara moja?"