Maswali ya Wasomaji: Je, muwati unaua miche yake?

SWALI: Chini ya miwati yangu iliyokomaa sioni mche hata mmoja, ingawa mbegu zimejaa chini. Nikikata miti, miche inaota msongamano kama majani. Je, mti huu unawawekea watoto wake sumu? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Sumu ipo, ila isibebeshwe lawama zote. Majani na magome ya muwati yana tanini na fenoli nyingine, yaani kemikali za mimea. Tanini hiyo hiyo ndiyo inayofanya magome yatafutwe kwa kusindika ngozi. Mvua ikiosha kemikali hizi hadi ardhini, zinaweza kudumaza vimizizi vichanga, vya muwati wenyewe pia. Lakini kuna kivuli, na kuna ganda la mbegu. Ganda hilo halipitishi maji, hivyo mbegu hulala udongoni miaka mingi mpaka joto lilipasue. Ndiyo maana ukichoma masalia baada ya kukata, unaziamsha kwa mkupuo.

Unaweza kupima nyumbani. Loweka gramu 100 za majani makavu yaliyopukutika katika lita 1 ya maji baridi kwa saa 24, kisha chuja kwa kitambaa. Usichemshe: moto hutoa vitu ambavyo mvua haivitoi. Mimina maji yaliyochemka juu ya mbegu za muwati na uziache humo hadi yapoe. Ukiruka hatua hii nyingi hazitaota, nawe utasingizia sumu. Tandika tishu kwenye sahani tatu, mbegu 20 kila moja: ya kwanza maji matupu, ya pili mchujo, ya tatu mchujo uliozimuliwa mara kumi. Funika, weka mahali pamoja, ongeza kimiminika kile kile zikikauka, na ondoa zenye ukungu.

Usihesabu zilizoota tu. Pima urefu wa mizizi. Ncha ikiwa ya kahawia na fupi kwenye mchujo, huku ya maji matupu ni nyeupe na ndefu, majani yana kitu. Sahani ya tatu ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa kuwa mchujo mzito huweza kuzuia mbegu kwa chumvi zake tu.

Zikiota vizuri zote tatu, tafuta sababu kwenye kivuli au ganda la mbegu. Vyovyote vile, ng'oa miche usiyoitaka ikiwa chini ya goti, udongo ukiwa umelowa, mzizi utoke mzima.

SWALI: Mahindi jirani na mikaratusi yangu yamedumaa. Ni sumu? – Msomaji, Mbalizi

JIBU: Anza kushuku maji. Chimba mtaro wa sentimita 60 hadi 100 kati ya miti na shamba, ukate mizizi. Msimu ujao mahindi yakinawiri, mwizi alikuwa mizizi.