Jibu: Baiskeli mbili ndani ya Hiace ya kulala

Mkuu, umeuliza kama kitanda na baiskeli mbili za milimani vitaenea kwenye Hiace bila kufunga kitu nje. Vinaenea, ila pima kabla hujamwita fundi. Baiskeli nzima ina kama mita 1.8, ukitoa gurudumu la mbele inabaki mita moja na nusu hivi, na usukani unashuka. Ziingize chini ya kitanda kwa urefu, moja itazame mbele, nyingine nyuma, ili sukani zisigombane. Kisha pima sakafuni hadi usukani, ongeza sentimita 5: hapo ndipo chaga zikae. Paa likiwa la chini utalala pua darini, bora kitanda kiwe upande mmoja na baiskeli upande wa pili.

Cheni zitazame ukutani, la sivyo shuka zitajaa grisi.

Na kama breki zako ni za mafuta, chomeka kipande cha kadibodi katikati ya pedi. Mimi sikuweka, mtoto akaminya breki gurudumu likiwa nje, pedi zikabana. Asubuhi ya kwenda hifadhi ya Hell's Gate niliimalizia Naivasha nikizichokonoa kwa bisibisi.