Ukidai fao la kukosa kazi, afisa anaruhusiwa kukuuliza yapi?

Barua nyingi tulizopokea zimetoka kwa watu waliopoteza kazi hivi karibuni, na karibu zote zina lalamiko moja: kwamba mwombaji wa fao huangaliwa kama mshukiwa kabla hajafungua kinywa. Tumechagua maswali saba. Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo msomaji alinganishe majibu haya na sheria ya mahali anapodai.

Afisa amenitaka nipeleke taarifa ya akaunti yangu ya benki ya miezi kadhaa. Je, ninalazimika?

Inategemea fao unalodai ni la aina gani, na hili ndilo jambo ambalo waombaji wengi hawalijui wanapoketi mbele ya meza ya afisa. Kuna fao la bima, linalotokana na michango iliyolipwa ulipokuwa kazini, na kuna msaada wa serikali anaopewa mtu kwa sababu hana kipato cha kutosha. Katika fao la bima, mambo yanayoamua haki yako kwa kawaida ni michango, sababu ya kuondoka kazini na utayari wako wa kufanya kazi nyingine. Akiba yako haiingii. Katika msaada wa serikali, akiba na mali ndicho kipimo chenyewe. Uingereza inazo aina zote mbili: posho ya mtafuta kazi inayotokana na michango haitazami akiba, ilhali Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, huanza kupunguzwa akiba inapozidi pauni 6,000, na anayezidisha pauni 16,000 kwa kawaida haipati kabisa. Kwa hiyo muulize afisa, kwa upole na ikiwezekana kwa maandishi: jibu la swali hili linabadilisha nini katika haki yangu? Afisa anayeijua kazi yake hatachukizwa, atakutajia kifungu.

Ikiwa unalazimika kuipeleka, isome wewe kwanza, mstari kwa mstari. Fedha zilizoingia kutoka kwa ndugu bila maelezo yoyote zinaweza kuonekana machoni mwa mkaguzi kuwa mshahara uliofichwa. Andika pembeni kwa kalamu kwamba ni mkopo wa dada wa kulipia pango, na kama umeurudisha, onyesha tarehe. Kuhusu matumizi, Mahakama Kuu ya Kijamii ya Ujerumani iliamua mwaka 2008 kwamba ofisi inaweza kudai taarifa za benki za miezi ya karibuni, lakini mdai ana haki ya kuziba kwa wino majina ya waliolipwa pale yanapofichua mambo kama dini yake au chama chake cha siasa, mradi kiasi kibaki kinasomeka. Mahali pasipo na uamuzi wa namna hiyo, omba ruhusa kabla ya kuziba chochote, maana karatasi iliyozibwa kimyakimya huzaa maswali mengi kuliko iliyoachwa wazi.

Niliulizwa ninaishi na nani na kama tuna uhusiano. Nilijisikia kudhalilishwa.

Una haki ya kujisikia hivyo, ingawa swali lenyewe linaweza kuwa halali. Pale msaada unapokokotolewa kwa kaya nzima, ofisi hulazimika kujua ni nani mnaochangia kodi ya nyumba, chakula na bili. Kinachotafutwa hapo ni mfuko, si kitanda, na afisa anayevuka kutoka cha kwanza kwenda cha pili amevuka mpaka. Jibu kuhusu fedha na majukumu ya nyumba. Yaliyobaki unaweza kusema kwamba hutayajibu mpaka uelezwe yanahusianaje na ombi lako. Ikiwa fao lako ni la bima, mwenzako wa nyumbani kwa kawaida hahusiki kabisa.

Wapo pia walioandika kuhusu maafisa wanaobisha hodi nyumbani. Mwombe aliyekuja akuonyeshe kitambulisho na akueleze sababu ya ziara. Ujerumani, kwa mfano, mdai anaweza kukataa kumfungulia mlango. Ila ikiwa jambo linalotiliwa shaka haliwezi kuthibitishwa kwa njia nyingine, anajihatarisha kunyimwa msaada.

Nilifanya kibarua cha siku mbili nikalipwa taslimu kidogo tu. Lazima niseme?

Sema. Faragha haimruhusu mdai kuficha kipato, na ninaona tunadhoofisha madai halali ya faragha tunapoyachanganya na jambo hili. Pengine kiasi hicho hakitagusa fao lako hata kidogo, kwa kuwa mifumo mingi huruhusu kipato kidogo kabla ya makato kuanza, lakini kutokisema kunaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu. Angalia tu unaripoti kwa namna gani: katika majimbo mengi ya Marekani, fedha huripotiwa kwa wiki uliyofanya kazi, si wiki uliyolipwa, tena kabla ya makato. Makosa mengi ya watu waaminifu huanzia hapo.

Je, wanaweza kusoma kurasa zangu za mitandao ya kijamii?

Ulichokiweka wazi kwa umma wanaweza kukiona kama anavyokiona mtu mwingine yeyote. Kudai nywila yako ni jambo jingine, na jibu la dai hilo ni hapana.

Sitaki mwajiri wangu wa zamani ajue kwamba ninadai. Inawezekana?

Kwa kawaida haiwezekani, kwa sababu ofisi humwandikia ili kuthibitisha tarehe zako na sababu ya kuondoka. Yeye naye anaweza kupinga. Nchini Marekani mwajiri ana sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa kiwango cha kodi anayolipa kwa ajili ya mfuko wa mafao haya hutegemea kwa sehemu mafao waliyolipwa wafanyakazi wake wa zamani. Mwajiri anayeandika kwamba ulijiuzulu, wakati alikupunguza, huenda anaulinda mfuko wake. Tunza barua ya kuachishwa kazi kama unavyotunza cheti. Mwajiri mpya hana sababu ya kupewa habari za dai lako, na ofisi haipaswi kumpa.

Nimepata barua inayosema nililipwa zaidi ya haki yangu na natakiwa kurudisha. Sikudanganya chochote. Nifanye nini?

Usilipe kabla ya kuuliza hesabu ilivyofanywa, na usikae kimya, kwa sababu muda wa kukata rufaa huhesabiwa kwa siku. Barua kama hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye kompyuta iliyolinganisha kumbukumbu mbili, na kompyuta hukosea kwa kiwango kikubwa. Katika mpango uliojulikana Australia kwa jina la Robodebt, kipato cha mwaka kilichosajiliwa kwenye ofisi ya kodi kiligawanywa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili. Chukua mtu aliyefanya kazi nusu mwaka akapata 26,000, kisha akakaa nusu mwaka bila kazi akipokea fao. Gawanya kwa vipindi 26, unapata 1,000 kila kipindi, hata vile ambavyo hakupata senti. Kompyuta ikamwona mwongo na kumtengenezea deni. Mpango ulianza mwaka 2015, serikali ikakubali mahakamani mwaka 2019 kwamba deni la namna hiyo halikuwa halali, na tume ya uchunguzi ikautolea ripoti kali Julai 2023. Katika jimbo la Michigan, Marekani, mfumo ulioanza kazi mwaka 2013 uliwatuhumu wadai kwa udanganyifu. Jimbo lilipopitia upya kesi zaidi ya 22,000 zilizoamuliwa na mashine peke yake, asilimia 93 zilikuwa na makosa.

Andika basi barua ya kuomba mambo matatu: hesabu kamili ya kila kipindi, chanzo cha kila tarakimu, na jibu kama kuna binadamu aliyeipitia. Ongeza ombi la nakala ya taarifa zako zote walizonazo. Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, ofisi hutakiwa kujibu ombi hilo ndani ya mwezi mmoja, bila malipo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Rufaa nayo si hisani ya afisa: Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unampa mdai haki ya kukata rufaa anaponyimwa fao au anapolalamikia kiasi chake. Ambatisha stakabadhi za mshahara za vipindi vinavyobishaniwa, ubaki na nakala.

Nimepigiwa simu na mtu anayesema anatoka ofisi ya mafao, akataka namba ya siri ya akaunti ili anilipe haraka.

Kata simu. Ofisi inahitaji namba ya akaunti ili ikulipe. Namba ya siri haina kazi nayo. Kisha piga mwenyewe kwa namba iliyochapishwa kwenye barua ya ofisi uliyonayo, si ile aliyokutajia mpigaji, uulize kama kuna mtu aliyekutafuta.